Nati ya Kushoto

Fundi alikuwa hapendi kusalimiwa akiwa na nati mdomoni. Ukimsalimia aliinua kidole kimoja, maana yake subiri, na ungesubiri kweli. Nati zikishatoka mdomoni moja moja na kuingia mahali pake, alijifuta midomo kwa kiwiko na kuitikia salamu ambayo wewe mwenyewe umeshaisahau. "Salama, Mwalimu. Za kwenu Mbozi?" Mimi kwa hasira ya kusubiri nilikuwa najibu nzuri tu, hata kama hazikuwa nzuri.

Banda lake lilikuwa Tunduma, upande wa juu wa soko, pale ambapo njia ya vumbi inateremka hadi kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilimfahamu kwa miaka kama kumi na mitano. Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Sikuwahi kumwita kwa jina, na kuanza leo kungekuwa kujifanya wa karibu kuliko nilivyokuwa. Tulimwita Fundi. Wazambia waliovuka na baiskeli zao walimwita batata, kwa Kibemba ni baba, naye aliwajibu "bwino, bwino", yaani nzuri, hata kama hakusikia walichosema.

Naandika habari zake kwa kuwa nimechoka kunyamaza. Hadi leo ukipita pale sokoni ukamtaja, hakosi mtu wa kukuambia, "Si yule aliyefunga breki, gurudumu likachomoka, kijana wa watu akavunjika bega?" Kijana wa watu ni Amosi, mdogo wangu wa tumbo moja. Na gurudumu halikuchomoka kwa kosa la Fundi. Lilichomoka kwa kosa langu, nikamwachia yeye lawama, akaibeba zaidi ya miaka mitano. Nitafika huko. Kwanza nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu pale sokoni hawakumbuki kingine chochote juu yake.

Baiskeli yake mwenyewe haikuwa na breki. Nasema kweli, haikuwa na breki ya mbele wala ya nyuma. Akitaka kusimama aliukandamiza unyayo wa katambuga yake juu ya tairi la mbele, mpira kwa mpira, ikatoka harufu ya kuungua, akasimama pale pale alipotaka. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini fundi wa breki hana breki. Siku akiwa na furaha alisema mteja ndiye wa kwanza. Siku akiwa amechoka, na nyingi alikuwa amechoka, alisema, "Mwalimu, wewe nyumbani kwako watoto wako wote wanajua hesabu?" Wangu wawili hawakujua.

Alianza kazi wakati baiskeli ni ile moja tu, nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma. Baadaye ikaja ruksa ya biashara, mipaka ikalegea, na Tunduma ikajaa kila kitu. Makontena yakaanza kushusha baiskeli za mtumba kutoka nchi za watu, za milimani, zenye gia nyingi na foki ya mbele yenye shokapu mbili zinazobonyea. Mafundi wengine walizikimbia. Fundi aliinunua moja iliyopondeka, akaifungua yote, akatandaza vipande juu ya gunia, akavitazama kwa wiki nzima bila kuvigusa. Wenzake walimcheka, wakasema amenunua vyuma vya kutazama. Wiki ya pili akaifunga upya, ikatembea. Tangu hapo ukiwa na baiskeli ya shokapu, kuanzia Nakonde ng'ambo hadi Vwawa, ulikuwa unaelekezwa kwake.

Breki za diski ndizo zilizompendeza kuliko vyote. Alikuwa anasema breki za mpira zinakamata rimu, na rimu ndiyo inayokanyaga tope, sasa wewe unategemea nini? Diski iko juu, kwenye habu, katikati ya gurudumu, mbali na tope letu jekundu la masika. Lakini diski ilimfanya awe msumbufu. Hakuruhusu mtu aishike kwa kidole. Siku moja mama muuza vitumbua, jirani yake wa banda la pili, aliinua diski mpya kutoka mezani, akajitazama sura yake ndani yake, akacheka, akairudisha. Fundi alichukua sabuni na maji ya moto akaiosha, akaikausha, akaiosha tena. Pedi, vile vipande vinavyoibana diski, nazo zilikuwa zimeguswa na mafuta ya vitumbua ya vidole vyake, akazibanika juu ya jiko la mkaa la mama yule yule, kando ya kikaango, mpaka moshi ukaisha. Mama akauliza, "Fundi, unapika nini?" Akasema, "Napika ulichonitilia."

Kabla ya kuzungusha nati ya kwanza alisema bismillahi kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayemstahi Mungu. Nati ikienda upande alitukana kwa sauti ya soko zima. Kisha akairudisha nyuma na kuanza tena na bismillahi. Hilo lilimsumbua sana mwinjilisti mmoja wa kwetu aliyempelekea baiskeli, hata akaniuliza kama mtu huyu ana dini au hana. Nikamwambia anayo, na nati anazo pia.

Kulikuwa na kazi aliyoikataa siku zote. Foki nyingi za shokapu zilizokuja hazikutengenezwa kwa ajili ya diski. Ile inayofaa ina masikio mawili ya chuma mguu wa kushoto, ndipo unapofunga kalipa, yaani kile kibano kinachoikamata diski. Isiyo na masikio haina pa kuifunga. Mwenye malori mmoja alimletea foki isiyo na masikio, akataka yachomelewe. Fundi akasema haiwezekani, mguu ule ni mwepesi, ukiuchoma unaulegeza, na ndani kuna mipira itakayoyeyuka. Yule bwana akasema yeye ana malori manane, hajawahi kuambiwa haiwezekani. "Basi leo umeambiwa," Fundi akasema, akarudisha nati mdomoni. Mchomeleaji wa jirani aliifanya kazi ile mchana huo huo. Yaliyotokea baadaye sikuyasikia, na Fundi hakuuliza.

Na kulikuwa na kuonja. Breki ikishafungwa, mteja haruhusiwi kuipanda. Fundi alikunja suruali, akapanda mwenyewe, akaenda hadi juu ya mteremko na kushuka. Kila hatua kumi alibana breki, akaachia, akabana. Alisema breki mpya haijui kazi, inafundishwa. Mzee wa ndevu nyeupe juu ya baiskeli ya kijana, anashuka kwa mikatomikato, madereva wa malori wanampigia honi na kumshangilia. Akifika chini alirudi akiisukuma, hapandi, akihema. Mara ishirini. Hata miguu ilipoanza kumuuma hakuacha. Niliwahi kumwambia amwachie mwenye baiskeli afundishe breki zake. Akasema, "Ikigoma, nataka inigomee mimi."

Hayo yote niliyajua siku nilipompelekea baiskeli yangu, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ilikuwa ya milimani, ya mtumba, foki ya shokapu yenye masikio yote mawili, lakini ilikuja na breki za mpira. Mimi nilikuwa naiendesha kwenda shuleni, Amosi anaitumia kushusha kahawa kwenda kwenye kinu cha kumenya, na mteremko wa kwetu si mchezo. Masika ile Amosi aliteleza mara mbili. Nikasema hapana, nampelekea Fundi.

Ilimchukua siku mbili. Alibadilisha habu nzima, akasuka spoki upya. Alifunga diski kwa skrubu sita, akizikaza kwa kuvuka, hii halafu ya mkabala wake, asikaze mbili zilizo jirani. Ekseli iliyokuja na habu ile ilikuwa ya kufunga kwa kishikio, unakivuta tu gurudumu limetoka. Akakitupa. "Haraka ya nini?" Akaweka ekseli ya nati. Kisha akanikalisha chini na kunieleza, maana alipenda kumfundisha mwalimu. Alisema breki ya mpira inakamata juu, lakini kalipa ya diski iko nyuma ya mguu wa foki, na ikibana kwa nguvu inaisukuma ekseli ichomoke chini, upande wa kushoto. Kinachoizuia ni nati tu. "Gurudumu hili usilifungue," akasema. "Ukilifungua, lilete." Akaenda kuionja. Nikamwona akirudi mara ya ishirini, ameshika kiuno.

Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kupanda baiskeli hadi nyumbani. Nikasimamisha haisi ya Vwawa. Kondakta akaitazama baiskeli, akautazama mzigo uliojaa juu, akasema, "Mwalimu, toa gurudumu la mbele, la sivyo baiskeli inabaki, wewe unakwenda." Abiria walikuwa wanapiga kelele tuondoke. Dereva akanipa spana. Nikalifungua. Nililifungua umbali wa vibanda vitatu kutoka kwa Fundi, na ningeweza kugeuka nikamwona.

Nyumbani nililirudisha mwenyewe. Nilikaza nati zote mbili barabara, lakini gurudumu lilikuwa limekaa upande kidogo na diski ikawa inasugua pedi. Ukizungusha inalia, shwii, shwii. Nilijaribu kulipanga nikashindwa. Nilikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha. Nikalegeza nati ya kushoto kidogo, kelele ikaisha. Nikafurahi. Niliiegemeza baiskeli ukutani nikaenda kusahihisha.

Kesho yake Amosi aliichukua na kiroba cha kahawa nyuma. Katikati ya mteremko akabana breki ya mbele kwa nguvu, kama nilivyomwambia kwamba sasa anaweza. Gurudumu likatoka kwenye foki likaenda lake. Yeye akaenda lake. Bega la kulia lilivunjika vibaya, likaungwa, lakini mkono haukuinuka tena kupita kifua. Alikuwa na miaka ishirini na sita na miti mia tano ya kahawa.

Fundi alikuja hospitali siku ya tatu. Hakuna aliyemwita, alisikia kwa makondakta. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia yake mkononi, mama yetu akamgeuzia mgongo. Kisha akaniomba tutoke nje. Pale barazani akaniuliza, "Mwalimu, kuna mtu alilifungua lile gurudumu?"

Nikasema, "Hapana, Fundi. Lilikuwa lilivyotoka kwako."

Sijui nieleze vipi. Mama alikuwa hatua tano nyuma yangu. Amosi alikuwa analia kwa maumivu, mwanamume mzima. Nilijiambia nitamwambia baadaye, tukiwa wawili. Fundi akatikisa kichwa taratibu, akautazama mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufumba. Hakuniuliza tena.

Akaacha diski. Wateja wakiomba aliwaambia pedi hazipatikani, na pedi zilikuwa zinaning'inia nyuma yake. Baadaye akaacha breki zote, akabaki kuziba pancha. Kisha banda likafungwa, likawa la kuuzia vocha za simu. Nilipopita na kuliona nilihisi vibaya, nikaendelea na safari.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja na msimu wa kahawa. Mwaka ule ule wa ajali, kahawa ilipoiva, Fundi aliteremka kwenye haisi barabarani, akatembea hadi shambani kwa Amosi na kifurushi cha nguo na mkeka wa kuswalia. Akasema amekuja kuchuma, maana mwenye shamba hana mkono. Mama mwaka huo hakumpa hata maji. Mwaka uliofuata alimpa maji. Mwaka wa tatu alimtolea kuku na kisu, achinje mwenyewe kwa dini yake, kisha akampikia, na tangu hapo akawa anamwita baba. Amosi alimpenda. Walichuma mstari kwa mstari, Fundi matawi ya juu, Amosi ya chini kwa mkono wake mmoja, na saa za swala Fundi alitandika mkeka kati ya mibuni. Kila msimu alikaa majuma mawili, akaondoka bila kupokea kitu.

Mimi majuma hayo sikuonekana. Kila mwaka nilikuwa na mitihani ya kusimamia, semina, mgonjwa wa kumtazama. Mke wangu alidhani nina ugomvi na Amosi. Misimu mitano nilimkwepa mzee aliyekuwa anafanya kibarua changu.

Msimu wa sita Amosi alinipigia simu. Wachumaji wamekosekana, wote wamekwenda kwa wenye mashamba makubwa, na kahawa inadondoka. "Kaka, safari hii uje. Fundi naye amezeeka." Nikaenda.

Kulikuwa na ule ubaridi wetu wa Julai, ukungu haujaondoka. Nilimkuta ameketi juu ya debe lililopinduliwa, kikapu kimefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, anachuma matawi ya chini. Ya juu alikuwa hayafikii tena. Sasa ni Amosi aliyekuwa anayainamisha ya juu kwa ndoano, mstari wa pili, anaimba wimbo wa kanisani huku amekosea maneno.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Za shule?"

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kwa zaidi ya miaka mitano, na nilivyopanga vyote vikanitoka. Nikachuchumaa mbele yake nikasema, "Fundi, gurudumu nililifungua mimi. Siku ile ile, nikipanda haisi. Nikalifunga nyumbani."

Aliendelea kuchuma. Mbili, tatu, nyekundu tu, za kijani akiziacha. Nilidhani hakusikia.

"Nati ipi?" akauliza.

"Ya kushoto. Niliilegeza."

"Kwa nini?"

"Diski ilikuwa inasugua. Inapiga kelele."

Mikono yake ikasimama. "Kelele," akasema. "Mwalimu, kelele ni dakika tano. Unalegeza skrubu mbili za kalipa, unabana mkono wa breki, kalipa inajipanga yenyewe, unakaza. Basi." Alikuwa anaonyesha kwa vidole hewani, haraka haraka, skrubu ya juu, skrubu ya chini, na vidole vile havikukosea hata kimoja. Kisha akaviona, akavishusha mapajani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara moja tu kwa sababu wewe ni mwalimu. Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza mara tatu."

Nikasema nisamehe. Nilisema mara nyingi, na kila nilivyorudia neno lilizidi kupungua. Hakuniambia nimekusamehe wala sikusamehe.

"Unajua ilivyokuwa?" akasema, bila kunitazama. "Nilirudi nyumbani kutoka hospitali, nikakaza nati ya kitanda changu. Nikailegeza, nikaikaza tena. Sikujua kama imekaza. Miaka arobaini nakaza nati, siku ile sikujua. Nikasema basi, mkono umekufa, nisije nikaua mtu. Sasa hivi chupa ya chai anaifunga mke wangu. Mimi nikiifunga naona kama itamwagika."

"Fundi, unaweza kurudi. Nitakwenda nawe, nitasema pale sokoni mbele ya watu wote."

"Spana nimegawa," akasema. "Zote. Nyingine ziko Nakonde."

Akageukia mbuni. Tawi alilokuwa nalo lilibaki na punje chache, akazimaliza. Alipekua majani kuhakikisha hakuna iliyobaki nyuma. Kisha akainuka kwa kushika shina, magoti yakilia, akafungua kamba ya katani kiunoni. Akanipa ishara nisimame. Akanifunga kikapu kiunoni kwangu, akakaza fundo, akalivuta mara mbili, akalitazama kwa muda mrefu kuliko fundo linavyohitaji.

Alikunja mkeka wake akauweka kwapani, akashika njia ya kwenda barabarani. Alitembea polepole katikati ya mistari, na ukungu ulikuwa umeanza kupanda.

Amosi akaacha kuimba. Alitokeza kichwa katikati ya majani, ndoano ikiwa imening'inia kwenye mkono wake mzima, akamtazama mzee anavyokwenda, kisha akanitazama mimi na kikapu.

"Kaka, vipi?" akauliza. "Fundi anakwenda wapi?"

Nikaweka mikono juu ya kikapu, nikaanza kumwambia.